Kanuni ya Nne ya Dubwana

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Dubwana la kwanza limeshindikana. Nililipatia nguvu kumi na mbili na mwendo wa hatua sita. Nikalijaribu peke yangu, nikihama kiti hadi kiti ili niwe wachezaji wanne kwa zamu. Katika mzunguko wa pili likameza kila manowari iliyokuwa baharini. Wachezaji wote wanne walilalamika vikali. Wote walikuwa mimi.

Bahari yenyewe ni turubai la bluu. Visiwa vimechorwa kwa kalamu ya wino mzito. Mchezo huu tuliubuni mimi na kaka yangu Masalu tukiwa watoto kule Mhunze, ambako mto ni mchanga karibu mwaka mzima na bahari haijaonwa na mtu yeyote, hata mwalimu wa jiografia. Kila mchezaji ana manowari zake. Dadu mbili. Anayebaki akielea ndiye mshindi. Masalu alipokwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu aliondoka na mchezo. Huko alichonga manowari za kweli kwa vipande vya matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara, shimo la wachimbaji, zisiporomoke. Zina milingoti. Zina mizinga midogo kama punje za mtama.

Mwezi wa pili duara liliporomoka. Masalu alikuwa ndani.

Tulimzika Mhunze. Siku ya kumaliza msiba baba wadogo waligawa vitu vyake. Baiskeli huku, redio kule, koti kwa aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wengine. Mimi nilipewa blanketi. Manowari hazikutajwa kwa sababu hazikuwepo. Anazo Fredy, kijana wa Kasulu aliyekuwa akichimba naye. Fredy anasema Masalu alimwachia. Mimi ninasema zilianzia kwangu.

Basi Jumapili tunazichezea. Atakayeshinda anazichukua zote. Nilikubali kwa sharti moja: siku zote Masalu alitaka mchezo uwe na dubwana la baharini, na siku zote alisema Dina atalipigia hesabu. Kwa hiyo kanuni za dubwana nitatunga mimi. Fredy akasema sawa dada. Ni mtu wa kusema sawa dada. Inaudhi sana.

Lengo langu ni dubwana lenye mizania. Kila mchezaji alione la haki, na mimi nishinde. Sioni mgongano wowote hapo. Nimesoma takwimu chuo kikuu miaka mitatu, na hii ndiyo kazi ya kwanza iliyonihitaji.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Maafa. Shangazi Eufrasia, ambaye ninaishi kwake hapa Katoro, aliingia chumbani kufagia akaona mchoro wa dubwana ukutani. Macho sita, meno safu mbili. Akauliza ni nini. Nikasema dubwana. Akauliza la nani. Nikasema langu. Akatoka kimya, nami nikadhani kimya ni dalili njema!

Niliporudi kutoka kufundisha masomo ya ziada nilikuta ameunyunyizia mchoro maji ya baraka. Na turubai zima. Wino umechuruzika. Visiwa viwili vimeungana. Kimoja hakipo kabisa.

Nilimweleza kwamba ni mchezo, na dubwana ni hesabu tu. Alisema yeye ameona hesabu tangu darasa la kwanza na hajaona yenye meno. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema ng'wanone, mwanangu, kaka yako amelala, mwache alale.  Nilikuwa napima mahali pa kisiwa kipya.

Dubwana la pili: nguvu nane, mwendo hatua mbili. Kila manowari ililikimbia bila shida. Nilicheza mpaka ugali wa shangazi ukapoa na hakuna aliyezama. Bahari nzima ilikuwa imejaa watu wazima wa afya. Nilikaa nikiitazama muda mrefu.

Kisha nikalifuta. Mchezo usiokuwa na mshindi haunisaidii Jumapili.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nilikwenda kwa Paskazia. Ana duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi, na ndipo tunapochezea, chumba cha nyuma. Bahati mbaya Eustace alikuwepo. Eustace anauza makava ya simu. Zamani aliwahi kukaa Tanga kwa mjomba wake siku chache, na tangu hapo ni nahodha. Hawezi kuona ndoo ya maji bila kusema habari za kupwa na kujaa. Wazo la kuzichezea manowari lilikuwa lake. Alisema watu wa baharini humaliza ugomvi hivyo.

Aliomba aone rasimu. Nikakataa. Akasema basi atauliza swali moja tu la kitaalamu: dubwana langu linapumua kwa mapafu au kwa matamvua? Kwa sababu kama ni mapafu lazima lipande juu, na likipanda juu linapigwa mizinga. Paskazia akamwambia yeye mwenyewe anapumua kwa mdomo, na hajapigwa bado. Nampenda Paskazia.

Hata hivyo Eustace alinitia wasiwasi kwa jambo moja. Aliuliza nani atakayeliendesha dubwana. Nikianza kuliendesha mimi, alisema, basi hilo si dubwana, ni wewe umevaa mkia.

Hoja yenye nguvu. Niliifikiria njia nzima ya kurudi, nikapitiliza nyumba. Halafu jibu likaja mbele ya mashine ya kusaga, nikasimama pale pale nikapakwa unga. Kura! Dubwana litaongozwa kwa kura. Kila mzunguko ukiisha, kila mchezaji anatoa kura moja kutaja liende kwa nani. Hakuna upendeleo. Hata mimi nina moja tu. Kura zikilingana, mtunga kanuni ataamua.

Tupo wachezaji wanne: mimi, Fredy, Paskazia na Eustace. Nikimpata Paskazia, kura zetu zitazidi au zitalingana kila mara. Na mtunga kanuni ni nani?

Nilirudi dukani nikamnong'oneza Paskazia. Akauliza kwa nini nisimwombe Fredy tu. Nikasema kuomba si mkakati. Alinitazama vile wateja wake wanavyotazama picha ya pasipoti iliyotoka vibaya, akasema haya, lakini dubwana lisiguse za kwangu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kanuni zimechapwa. Mimi nilisoma kwa sauti, Paskazia alichapa. Anachapa haraka sana, haangalii vidole. Kanuni ya nne niliirudia ili iwe na uzito: kila mzunguko ukiisha, kila mchezaji atoe kura moja. Asiyetoa kura, dubwana litamwendea yeye. Hicho kipengele cha pili ni cha kuwazuia watu wavivu. Kanuni ya tano: kura zikilingana, mtunga kanuni ataamua.

Paskazia aliuliza kama nina uhakika na kanuni ya nne. Alisema ni kali. Nikamwambia ni ya kidemokrasia. Akasema kama ndivyo wanavyofundishwa huko vyuoni, sawa. Akanipa nakala nizipitie. Sikupitia. Mtu aliyetunga kitu kwa siku tano hana haja ya kukisoma.

Nakala nne, kila moja kwenye bahasha. Nilizigonga muhuri wa duka kwa nje, kwa heshima.

Usingizi hauji vizuri. Nimefikiria manowari zitakaa wapi. Juu ya kabati, mstari mmoja, zikitazama dirisha. Shangazi asifagie karibu.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Sijui niandikeje. Nitaandika kwa mpangilio.

Fredy alifika kutoka Nyarugusu na boksi la biskuti. Ndani yake, zimefungwa kwenye fulana ya Masalu ya kijani, manowari zote. Sijaziona tangu Krismasi. Nilitaka kuzishika nikajizuia, kwa sababu mchezaji haonyeshi udhaifu. Sisi wengine tulicheza kwa vizibo vya soda. Fredy alisema atacheza na za Masalu, hajui nyingine. Kopo la maziwa ya unga liliwekwa katikati ya bahari. Hilo ni tumbo la dubwana.

Mzunguko wa kwanza ukaisha. Eustace akafungua bahasha yake, akasoma kanuni ya nne kwa sauti ya nahodha: kila mchezaji atoe kula moja.

Nikasema kura. Akasema ndiyo, kula, imeandikwa. Nikachukua nakala. Kula! Kote! Kila mchezaji atoe kula moja. Asiyetoa kula, dubwana litamwendea yeye. Nikamgeukia Paskazia. Akasema amechapa alichosikia, na hata Alhamisi niliponong'ona alisikia kula. Alidhani kila mtu alilishe dubwana manowari moja, ndiyo maana akasema ni kali.

Nikasema mimi nilitamka kura. Eustace akaniomba nitamke tena. Nikatamka. Akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio mbovu, akasema mara nyingine. Nikatamka. Akasema Dina, kwa heshima zote za shahada yako, umesema kula, na ukienda kuhubiri uchaguzi Mhunze watakuja na vijiko.

Nilikuwa nakaribia kulia. Hapo Fredy akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Akasema dada, hata mwanangu Masalu alikuwa hivyo hivyo. Siku walipochagua mwenyekiti wa kambi, Masalu alipita mahema yote akitangaza twendeni tukapige kula, na watu wakamcheka. Basi akarudi hemani akatoka na sahani na kijiko, akapanga foleni navyo mpaka mbele, akamwambia msimamizi yeye apewe ya mchuzi.

Tulicheka wote. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kwenda kusimama nyuma ya mashine ya nakala. Nilikuwa namwona na ile sahani. Sikuwa nimepewa kipande kipya cha Masalu tangu mwezi wa pili. Blanketi si kipande.

Niliporudi walikuwa wamekubaliana: kilichochapwa ndicho sheria. Paskazia akadondosha kizibo kwenye kopo. Eustace akadondosha cha kwake baada ya kukipigia saluti. Mimi nikadondosha. Vizibo tu, vina uchungu gani?

Fredy alishika manowari moja. Akaigeuza. Akairudisha baharini. Akasema yeye hatoi.

Eustace, safari hii bila sauti ya nahodha, akamkumbusha kwamba asiyetoa kula dubwana litamwendea. Fredy akasema liende.

Likaenda. Kanuni inasema dadu za dubwana anarusha mtunga kanuni. Nilirusha. Manowari moja kwenye kopo. Mzunguko uliofuata sisi watatu tukatoa vizibo, Fredy hakutoa, likaenda tena. Halikwenda kwa mtu mwingine mchana kutwa. Paskazia alinikanyaga mguu chini ya meza. Eustace alisema labda turudie kanuni ya nne kama alivyokusudia mtunzi, yeye hana kinyongo. Wote wakanitazama. Ningesema neno moja tu mchezo ungesimama.

Nilipiga hesabu. Nilikuwa naongoza.

Nikarusha dadu.

Ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote, haina mlingoti, haijamalizika. Fredy aliiweka kwenye kopo mwenyewe, kwa vidole viwili, bila kuidondosha. Muda mfupi baadaye vizibo vya Eustace na Paskazia vikaisha, changu kikabaki. Paskazia akaniambia hongera kwa sauti ambayo watu hutumia kusema pole.

Nimeshinda.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Manowari zipo juu ya kabati, mstari mmoja. Zinatazama dirisha. Nimezipanga upya mara kadhaa. Kila nikizipanga zinaonekana kama zinasubiri kitu.

Shangazi alizitazama kutoka mlangoni. Alisema mikono ya Masalu ilikuwa mizuri tangu utotoni. Kisha akauliza yule kijana amebaki na nini. Nikasema alishindwa kihalali. Akasema hakuuliza hivyo.

Mchana nilimkuta Fredy kwa Paskazia, hajarudi Nyarugusu. Alisimama akanisalimia. Akasema ana ombi, nikikataa hatakasirika. Anaomba ile ndogo tu. Isiyo na mlingoti.

Nikauliza kwa nini hiyo.

 Alisema asubuhi ile ilikuwa zamu yake kushuka kwanza. Masalu akamwambia abaki juu aipige msasa, maana yeye Fredy ana mkono mwepesi, yeye Masalu atashuka badala yake, watabadilishana baadaye. Alikuwa amekaa kwenye gogo anaisugua. Alisikia ardhi. Akasema tu hivyo, alisikia ardhi. Alipokimbia alikuwa bado ameishika, na jioni watu ndio waliomfungua vidole.

Paskazia alikuwa amegeukia ukutani. Mashine ya nakala ilikuwa inatoa karatasi tupu, hakuna aliyeizima.

Nilitaka kusema ichukue. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Halafu nikafikiri: akiichukua, ataondoka. Ataondoka na sahani na kijiko na mambo mengine yote ya Masalu ambayo sijayasikia. Nikasema nitafikiria.

Akasema sawa dada.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimepata suluhisho, na safari hii ni zuri!

Kumpa tu mkononi haiwezekani. Ataona ninamhurumia. Na mimi nitaonekana nilikosea Jumapili. Lakini akiishinda ile manowari mezani, itakuwa yake kwa haki, na hakuna mtu atakayeinamisha kichwa. Kwa hiyo ninatunga dubwana la tatu. Nje litaonekana la kutisha. Ndani litakuwa linampendelea Fredy kabisa, na yeye asijue.

Kuna uzuri mwingine. Mchezo nimeugawa katika Jumapili nyingi. Mzunguko mmoja kila wiki, si zaidi. Nimepiga hesabu: kwa dadu za kawaida atashinda karibu na mwisho wa mwaka. Jumapili zote hizo atakuja Katoro, atakaa kwenye kile kiti, na katikati ya zamu mtu husimulia.

Nimemwagiza Paskazia amwambie Fredy kwamba kanuni hazijakamilika, asubiri. Paskazia alinijibu kwa ujumbe wa simu: Dina, mtu anaomba kipande cha mti. Nilizima simu. Kazi ya namna hii inataka utulivu.

Nimekwama kwenye njaa ya dubwana. Nikiipunguza sana atashinda mapema mno.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Fredy ameondoka.

Si Nyarugusu. Kasulu, kwao, moja kwa moja. Paskazia amenieleza. Alifika dukani asubuhi na begi lake, akaacha begi chini, akauliza kama dada Dina amefikiria. Paskazia akamwambia kanuni bado, kama nilivyomwagiza. Anasema ulimi ulimuuma kulisema. Fredy akauliza kanuni gani. Paskazia akasema hajui. Basi akakaa kwenye kile kiti akingoja, wakanywa chai, akamsaidia hata kufungua karatasi mpya. Gari la Kasulu likapiga honi. Akasema hatashuka tena duarani, amejaribu mara mbili tangu mwezi wa pili na miguu inakataa, mama yake ana shamba la mihogo. Akaniachia salamu. Akaacha na ile fulana ya kijani, imefuliwa, imekunjwa. Alisema inanihusu.

Mimi wakati huo nilikuwa hapa mezani. Nilikuwa nimeshusha njaa kutoka saba hadi nne.

Paskazia hakunifokea. Ningependelea anifokee.

Shangazi Eufrasia alipoona fulana alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hafanyi. Alisema magari ya Kasulu yanapita hapa kila siku. Funga kale kamanowari kwenye kitambaa, mpe kondakta, andika jina la kijana na namba yake ya simu, kesho jioni atakuwa nako mkononi. Akasema hata kitambaa anacho. Akakileta kabisa, kile cha maua anachofunikia mikate, akakiweka mezani juu ya kanuni.

Nimekitazama tangu alipotoka.

Ni ushauri mzuri kwa mtu asiyeelewa mizania. Nikimtumia, atajibu asante dada, na itakuwa imeisha. Tutakuwa hatuna neno la kuambiana mimi na mtu pekee aliyemwona Masalu akipanga foleni na sahani.

Nimekisogeza kitambaa pembeni, taratibu, ili shangazi asione kimehama. Mchezo unaweza kuchezwa kwa simu. Yeye anarusha dadu Kasulu, mimi Katoro, kila mmoja anamwamini mwenzake. Dubwana litahitaji mwendo mpya, maana sasa bahari imekuwa ndefu. Nimejaribu hatua moja kwa mwezi. Namba yake nitaipata kwa Paskazia, nikishakamilisha.

Njaa nimeirudisha saba.